Bwana Harusi, Tazama Hapa

Ngeng.

Hiyo ndiyo sauti ninayoikumbuka kuliko zote, na sauti nimezisikia nyingi, maana nimekulia Ngamiani, ukuta mmoja na fundi wa mabati. Ilikuwa sauti ya mpira kugonga mlingoti wa goli. Magoli ya uwanja wetu ni mabomba ya chuma, matupu ndani, na mpira ukiyapata sawasawa yanalia kama sufuria ya shughuli iliyoangushwa na mtu ambaye hakutumwa kuishika. Baada ya sauti ile watu wote, waliokuja kutazama mpira na waliokuja kuuza karanga, wakageuka kunitazama miye.

Mpira sikuupiga miye. Nilikuwa nimekaa nyuma ya goli na kamera yangu. Lakini acha nirudi nyuma kidogo, mpate kunionea huruma kabla hamjanicheka.

Kazi yangu ni kupiga picha za maharusi. Kidato cha nne nilimaliza. Matokeo yalipotoka mama aliyasoma mara moja, akayakunja, akaniuliza kama najua kushika kamera. Mama hupamba maharusi, na huku kwetu harusi ina upande wa wanawake ambako mwanamume haingii. Huko ndani watu wamevua mabaibui, wamesuka, wamejipamba, wanacheza, na hawataki kesho wajione kwenye simu ya muuza mkaa. Kwa hiyo mpiga picha mwanamke hakosi kazi, hata akiwa kama miye niliyeanza kwa kuwakata watu vichwa.

Kazi yenyewe ni ya kuamrisha. Inua kidevu. Shusha bega. Shangazi, toka kwenye picha. Tazama hapa. Muziki unakuwa mkubwa, kwa hiyo nilijitengenezea sauti maalumu, nyembamba, inayopenya spika. Sijapata kuona bibi harusi akikimbia. Ukimwambia akae, anakaa mpaka umwambie ainuke.

Moyo wangu lakini ulikuwa kwenye mpira. Nilipenda kile kitambo ambapo mtu yuko hewani na bado hajui ataangukaje. Nikajifunza kwa nilivyokuwa navyo: kuku wa jirani, paka akiruka kutoka paani, watoto wakicheza chandimu uchochoroni. Nilifika hadi Ushongo kwa shangazi, ambako vijana hucheza mchangani maji ya bahari yakitoka, nikarudi na picha tele za miguu na moja nzuri sana ya mbwa. Mbele ya kioo nilikuwa nikijiambia kwamba nitakuwa mwanamke wa kwanza Tanga kupiga picha za mpira. Sikuwa na hakika. Niliwauliza watu wachache, wakasema hawajamwona mwingine, na mmoja akaongeza kwamba hata huyo wa kwanza hajamwona.

Mwaka huo mtaani kwetu kulikuwa na kombe la mbuzi, yaani mashindano ambayo timu ikishinda inaondoka na mbuzi, na mbuzi haoni jua la kesho yake. Katibu wa kamati ni fundi cherehani. Nikamfuata kibarazani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gauni gani?"

"Si gauni. Nataka kukaa nyuma ya goli."

Akatoa pini mdomoni. "Kufanya nini?"

"Kupiga picha."

"Kwani nyuma ya goli kuna harusi?"

Nikamweleza. Alinisikiliza huku akishona, jambo lililonipa moyo, maana mtu akisimamisha cherehani ujue anataka kukufukuza. Mwishowe akavuta kizibao cha rangi ya chungwa kutoka rundo la vitambaa. Pale uwanjani kuna kamba, na anayeruhusiwa kuivuka bila kuwa mchezaji ni mwenye kizibao peke yake. Kile kilishonwa kwa kipimo cha mtu mnene.

"Ukitulia mashindano haya," akasema, "wewe ndiye mpiga picha wetu, na hakuna atakayekuuliza tena. Ukileta vituko, kizibao nakivua mwenyewe, mbele za watu."

Hicho ndicho nilichokitaka duniani: nikae ndani ya kamba, na asiwepo wa kuniuliza.

Mama yeye aliuliza. "Utakaa vipi huko?"

"Chini, mama. Ndani ya baibui nitavaa suruali."

"Basi ukae kama unakula. Usikae kama unafua."

Mechi yangu ya kwanza, ya makundi, ilikuwa kati ya timu ya mtaa wetu na timu ya Pongwe. Mshambuliaji wetu ni kijana anayeuza pweza wa kukaanga pale konani petu, na siku si nyingi kabla ya hapo nilikuwa nimempiga picha za harusi yake. Nilimpiga alipoingizwa ndani kwa mkewe. Saa ile bwana harusi huwa mpole kuliko mtu yeyote, yuko peke yake na chumba kizima cha wanawake wanaomchambua kuanzia kofia hadi viatu. Huyu alikuwa amekakamaa kama ubao. Nilimwamrisha hadi sauti ikakauka: bwana harusi, tazama hapa, bwana harusi, cheka kidogo, bwana harusi, huko siko kucheka. Hakucheka hata mara moja.

Sasa huyu huyu, kipindi cha pili, akapewa mpira nyuma ya mabeki wa Pongwe. Kipa akatoka, akapigwa chenga, akakaa chini. Goli lilikuwa tupu. Ndani ya lenzi yangu alikuwepo yeye tu, anakuja moja kwa moja, mwanga mzuri, vumbi limetulia, kila kitu sawasawa isipokuwa kimoja. Alikuwa anaangalia chini. Anauangalia mpira.

Sikufikiri. Kama ningefikiri, ningekumbuka kwamba mchezaji huangalia mpira. Sauti ikatoka yenyewe, ile nyembamba ya kupenya spika.

"Bwana harusi, tazama hapa."

Na yeye, maskini ya Mungu, akainua uso. Akatazama. Akacheka, meno yote nje, kicheko ambacho siku ya harusi nilikitafuta nusu ya siku sikukipata. Mguu ukapiga huku uso ukiwa kwangu.

Ngeng.

Tulifungwa bao moja kwa bila. Refa alipomaliza, watu wa mtaa wetu walikuwa na maneno mengi, na siwezi kuyaandika, si kwa sababu ni machafu, bali kwa sababu mengine yalikuwa mazuri kuliko ninayoandika miye. Mmoja alitaka kujua kama penalti ikitokea nitataka na mashangazi waingie uwanjani. Muuza pweza alikuja mwenyewe, jasho linamtoka. Nikajikunyata.

"Imetoka?" akauliza.

"Nini?"

"Picha."

Nikamwonyesha. Akaitazama.

"Siku ile ulisema sijui kucheka."

"Hukujua."

"Basi," akasema, akaenda zake.

Katibu alitimiza ahadi. Alinivua kizibao mbele za watu, na kwa kuwa kilikuwa kipana, hakikumpa tabu. Hakugomba. Alisema tu, "Rudi kwa maharusi wako, mwanangu, huko wanakuhitaji," na hilo likaniuma kuliko matusi, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Picha nilimtumia muuza pweza peke yake. Yeye akamtumia mkewe. Mke akaituma kwa dunia nzima. Usiku haujaingia, Ngamiani nzima ilikuwa nayo, na tangu siku ile kijana yule anaitwa Bwana Harusi, na watu wanatoka mbali kuja kula pweza ili wamwombe acheke. Ndiyo picha yangu iliyoonwa na watu wengi kuliko zote. Ni picha ya mpira ambayo mpira haumo. Wakati ule ulikuwa umeshatoka kwenye fremu, unaelekea kwenye chuma.

Nilijua mambo yamekwisha. Nikakaa nyumbani nikimsaidia mama kusaga mavumba, ule unga wa manukato ya maharusi, nikinuka kama bibi harusi ambaye hana mchumba. Timu yetu, bila msaada wangu, ikaanza kushinda, ikashinda hadi ikaingia fainali. Pongwe nao wakaingia upande wa pili. Ndipo siku moja mchana wakaja wageni.

Alikuja mwenyekiti wa timu ya Pongwe, mzee mmoja mfanyabiashara wa nazi, mpole, kofia safi, na nyuma yake watu wawili wamebeba kapu la nazi na jogoo. Mama akadhani ni posa. Alinitazama kwa jicho ambalo sijapata kuliona, la furaha tupu, na lilipozimika nilimwonea huruma.

"Huyu binti," mzee akamuuliza mama, "amesomea wapi?"

"Hapa hapa shuleni. Akafeli."

"Si hiyo. Ile nyingine."

"Ipi nyingine?"

Mzee akatabasamu kama mtu anayeheshimu siri za watu. Akaeleza kwamba timu yake imehangaika na yule muuza pweza miaka, hakamatiki, na siku ile binti alitamka neno moja tu nyuma ya goli na mtu akashindwa kufunga goli tupu. Kwa hiyo fainali wananiomba nikae nyuma ya goli wanalolishambulia wao, niwashughulikie wenyeji kama nilivyofanya.

"Mzee," nikasema, "miye ni mpiga picha."

"Ndiyo, mwanangu. Kila mtu ana jina lake la kazi."

"Na hao si wenyeji tu, ni mtaa wangu."

"Ndiyo maana dawa yako inawashika."

Nikamgeukia mama anisaidie. Mama alikuwa anatikisa nazi moja sikioni, kusikiliza maji. "Jogoo huyu," akasema, "tutamfunga wapi?"

Mzee alikwenda moja kwa moja hadi kwa katibu akamwambia kwamba bila yule binti Pongwe haileti timu. Katibu akaniita. Safari hii cherehani aliisimamisha.

"Sikupi hiki kwa sababu ya picha," akasema akininyooshea kizibao. "Nakupa kwa sababu nina mbuzi ameshanunuliwa na sina fainali."

Mtu mwenye msimamo angekataa. Miye siku hiyo nililala nimekivaa. Nilijiambia kwamba hirizi nayo inakaa ndani ya kamba, na aliye ndani ya kamba anaweza kupiga picha. Hesabu yangu iliishia hapo.

Siku ya fainali niliwekewa kiti cha plastiki nyuma ya goli la timu ya mtaa wetu. Jua lilikuwa mgongoni kwangu, mahali pazuri kuliko pote uwanjani. Watu wangu wa Ngamiani walinipokea vilivyo. "Umenunuliwa kwa nazi, dada?" mmoja akapaza sauti, na mwingine akamjibu, "Na jogoo, usimshushe bei."

Kipa wetu ni mpakizi wa bandarini, mtu mkubwa, mikono kama majembe. Mpira haujafika hata nusu ya uwanja, akanigeukia.

"Dadaangu, miye nawe tuna ugomvi?"

"Hatuna, kaka."

"Basi unanitakia nini?"

"Sikutakii kitu. Naomba tu mipira ije huku kwa wingi."

Nilikuwa nasema ukweli wa kazi. Mpiga picha anayekaa nyuma ya goli huomba mpira uje. Nilipouona uso wake nikajua nimechimba shimo ndani ya shimo. Akamwita kapteni, kapteni akamwita refa, refa akasimamisha mchezo akaja kukagua. Akapindua kiti. Akaniambia nifungue mkoba.

Mkoba ulikuwa ule ule wa harusini, sina mwingine. Refa akaanza kutoa kimoja kimoja, na kwa kila kimoja watu waliokuwa karibu na kamba wakarudi nyuma hatua. Ubani kwenye karatasi. Asumini zilizokauka. Uzi mwekundu wenye sindano. Chupa ndogo ya marashi.

"Hii ya nini?"

"Ya kumrushia bibi harusi akizirai."

"Na uzi?"

"Wa kubania shela."

Refa akavirudisha vyote kwa vidole viwili, akanawa mikono kwa maji ya wachezaji, akasema mchezo uendelee. Nadhani naye hakutaka kuwa adui yangu.

Tangu hapo kipa hakuwa na mechi, alikuwa na miye. Mpira ukienda kushoto, yeye jicho kwangu. Ukija katikati, jicho kwangu. Niliufunga mdomo kwa mtandio ili aone sisemi neno, akaona ndio nasoma kimoyomoyo. Pongwe wakafunga kwa shuti ambalo mama yangu angelidaka kwa upande wa kanga. Mwenyekiti wao akaniinulia mkono kutoka ng'ambo, kwa heshima kubwa.

Mapumziko nikazitazama picha zangu. Zilikuwa kali, zenye mwanga mzuri, na zote zilikuwa za harusi. Kila picha kipa amesimama ananitazama. Katika moja ameweka sawa kola yake. Katika ile ya bao, mpira unapita pembeni ya goti lake na yeye ananiangalia machoni, kama mtu aliyekuja kupiga ya pasipoti. Kote kule kuamrisha kwangu, tazama hapa, tazama hapa, na sasa wananitazama bila kuambiwa. Nilikuwa nimekaa mahali pazuri kuliko pote, na kwa kukaa kwangu pale hapakuwa na cha kupiga.

Na yule kipa. Alikuwa amekaa peke yake, wenzake wamempa mgongo, anajimwagia maji kichwani. Sikupenda kuwa kitu anachokiogopa mtu anayebeba magunia.

Timu zilipobadilishana upande, vijana wa Pongwe wakaja kukihamisha kiti changu kukipeleka nyuma ya goli la pili. Mwenyekiti akasimama karibu nacho akiningoja.

"Mzee, nisamehe. Sitakaa hapo."

"Utakaa wapi?"

"Pale kwenye kona ya uwanja, nje ya kamba, kwa wauza mihogo."

"Pale watu watakuziba na jua litakupiga usoni. Hutaona kitu."

"Najua."

Akanitazama kwa masikitiko. "Dawa haikai kona, mwanangu."

"Ndiyo maana nakwenda, mzee. Na jogoo atarudi."

"Jogoo mwachie mama yako," akasema. "Mtu harudishiwi kitoweo."

Nikavua kizibao, nikakikunja mkobani, nikavuka kamba nikitoka nje yake kwa miguu yangu mwenyewe. Baibui jeusi, mtandio, mkoba: nikawa mwanamke mmoja kati ya wanawake waliokaa pale konani. Mama muuza mihogo akanisogezea ndoo iliyopinduliwa nikalie.

"Weye ndiye dawa ya Pongwe?"

"Nilikuwa."

"Wamekupunguza?"

"Nimeacha mwenyewe."

"Basi sogeza goti, unanimwagia chachandu ya mihogo."

Kipa alipoingia golini alikitazama kile kiti kitupu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, macho yakanipita bila kuniona. Mabega yakashuka. Kisha akageuka, akawapa mgongo watazamaji wa nyuma ya goli, na kwa mara ya kwanza siku ile akautazama mpira.

Timu yetu ilifunga mabao mawili kipindi kile, yote ya Bwana Harusi, na sina hata moja. La kwanza lilifungwa kule mbali na miye nimeshika bakuli la chachandu, mama wa mihogo akitafuta chenji. La pili niliuona mpira wavuni, nikainua kamera, kamera ikauchagua mgongo wa mtu aliyesimama kushangilia. Ni mgongo mzuri. Mshono wa fulana unaonekana uzi kwa uzi.

Dakika za mwisho Pongwe wakaja wote. Jua lilikuwa limeshuka, limenikaa ndani ya lenzi, naona vivuli tu. Mtu akapiga kutoka mbali. Mdomo wangu ulifunguka, nakiri, mazoea ni mabaya, nikauma mtandio. Kipa akaondoka ardhini. Lile jitu lote la bandarini likalala hewani, mkono mmoja umenyooka kuliko urefu wake, na mpira uko kwenye ncha za vidole, vumbi limesimama pembeni yake kama unga wa ngano. Uso umegeukia kule unakokwenda mpira. Miye hanijui kama nipo.

Nikabonyeza mara moja tu. Kisha akaanguka, na mpira ukatoka nje.

Mbuzi alibaki Ngamiani. Watu walipokuwa wakimbeba mabegani, naye akilalamika, nilikwenda kwa katibu kumrudishia kizibao. Nikawasha kamera nikamwekea mbele ya miwani. Aliisogeza, akaiondoa mbali, akaisogeza tena.

"Huyu hakutazami," akasema.

"Hapana, mzee."

"Na mabao?"

"Sina."

"Yote mawili?"

"Nina mgongo wa mtu."

Akatikisa kichwa, akakitupa kizibao begani kwake. "Msimu ujao," akasema, "njoo mapema. Kabla hujakivaa nitakipunguza. Na mkoba ule wa ubani uuache kwa mama yako." Kisha akawafuata wenye mbuzi, maana pilau la namna hiyo halingoji mtu.

Sikumfuata. Adhana ya Magharibi ilikuwa imekaribia na uwanja umebaki mtupu. Nikaenda hadi kwenye lile goli. Pale chini, mbele ya mlingoti, kipa alikuwa ameacha alama ya mwili wake alipoangukia: bega, nyonga, na mfereji mrefu wa mkono. Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa inapita hapo hapo. Nikalinyanyua baibui lisije likaburuza, nikaizunguka ile alama kwa upande wa nje, taratibu, nikaiacha kama ilivyo.